Bakuli la Mama Lililoungwa

Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni na jirani yangu, Fumie. Tulichambua vitunguu pori, vya kwanza tangu theluji iyeyuke.

"Shoga, ukivishika wewe vinanuka zaidi," akanichokoza.

"Basi supu yangu usile."

"Nitakula nimeziba pua."

Tukiwa tunacheka, Nishigaki akabisha hodi. Ni msichana mpole wa chuo kikuu, mtafiti wa mambo ya kale. Aliniinamia kwa heshima, akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na bakuli jekundu la mti, la mama yangu.

Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba alilipasua bakuli lake, akamzika nalo. Ndivyo tufanyavyo sisi Waainu, wenyeji wa asili wa kisiwa hiki cha kaskazini. Chombo kikivunjwa, roho yake humfuata mwenyewe. Miaka baadaye, watu wa chuo walifukua makaburi yetu bila kutuuliza. Wakachukua vyombo, wakachukua na mifupa.

"Tumeliunga kwa gundi, Bibi," alisema Nishigaki. "Nilidhani utafurahi."

Nikalipakata. Nilitamani nilale nalo. Sura ya mama siikumbuki. Naukumbuka mkono wake tu, ukininywesha uji kwa bakuli hilo.

Fumie, aliyemo kwenye chama chetu cha Waainu, akamwambia taratibu, "Mwanangu, umeunga kilichovunjwa makusudi. Sasa huko aliko, mama yake anakula kwa chombo gani?"

Machozi yakamlengalenga msichana. "Sikujua."

"Hukuuliza. Hawa mliowafukua ni wazee wetu. Kabla ya kuchimba, kupima au kuunga kitu, tuulizeni. Tukikataa, iwe basi. Tukikubali, tuwepo, na mtuambie mlichogundua."

"Na mifupa?"

"Irudi nyumbani."

Nishigaki aliyafikisha maneno hayo chuoni. Vikao vilikuwa vingi, na Fumie hakukosa hata kimoja. Mwishowe chuo kikakubali yote.

Mifupa ilirudi majani yakipukutika. Nishigaki alibeba sanduku la mifupa ya mama, akitembea polepole ili nisiachwe nyuma.

"Bibi, naweza kupiga picha?" aliuliza kaburini.

"Hapana, mwanangu."

Akairudisha kamera mkobani, akanishika mkono.

Nililipitisha bakuli shavuni. Nilitamani dakika moja zaidi, na Fumie akaningoja. Kisha akanipa kishoka. Lilipasuka palepale penye gundi.

"Haya, Mama," nikasema. "Kula sasa."