Lango Lililo Chini ya Kata Pumzi

"Mama Chepngeno, toka nje! Toka ujionee kazi ya ng'ombe wako!"

Ayoo alisimama kando ya ua wa jirani yake, mkononi ameshika shina la sukuma wiki lisilo na jani hata moja. Alilitikisa juu ili kila mtu alione. Majirani nao hawakuhitaji kuitwa mara mbili. Wengine waliacha chai ikichemka jikoni, na mmoja alikuja mbio na mwiko wake.

Rodah alitoka zizini akiwa na ndoo ya maziwa. "Mama Jackton, punguza sauti. Kwani mimi ni kiziwi?"

"Nipunguze sauti na bustani yangu imekuwa uwanja wa mpira? Jumatatu nilikuwa nipeleke mboga soko la Kiptere. Sasa nitauza nini? Nyayo za ng'ombe?"

Watu walicheka. Rodah hakucheka.

"Ng'ombe wangu hana mikono," alisema. "Lango la chini lina miti mitatu, na kila mti unavutwa peke yake. Chelel hawezi kuivuta. Waliopita hapo leo ni watoto wa baiskeli, na aliyeonekana huko akiwa peke yake ni wako. Wachuma chai walimwona."

"Yawa! Jackton wangu?"

Jackton alikuwa hapo hapo, ameshikilia baiskeli yake. "Nilirudi kutafuta pampu iliyoanguka," alisema. "Niliipata kwenye kona. Sikufika langoni, haki ya Mungu."

"Na zamu ya kufunga lango ilikuwa ya nani?" aliuliza baba yake, Ogola, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kazini kiwandani.

Macho yote yalimgeukia Chepngeno, binti wa Rodah. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu wa miguu, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Yangu," alisema.

"Ulifunga?" mama yake alimwuliza.

Chepngeno alitazama kengele ya baiskeli yake. "Nilifunga."

"Basi kama amesema alifunga, alifunga," Jackton alisema upesi. "Chepngeno hawezi kudanganya. Labda ng'ombe aliisukuma."

Maneno hayo mazuri ndiyo yaliyommaliza Jackton. Kama Chepngeno alifunga, basi ni nani aliyefungua? Ogola hakutaka kelele zaidi, maana mashine za kiwandani zilikuwa zimemtosha. Aliichukua baiskeli ya mwanawe, akaining'iniza kwa kamba kwenye boriti za jikoni, juu kabisa. Rodah naye alitangaza kwamba atazungusha seng'enge malishoni. Kuanzia siku hiyo hakuna baiskeli ambayo ingepita kwake tena, iwe ya jirani au ya binti yake mwenyewe.

Sasa tuseme ukweli, maana wewe msomaji hukuwepo.

Kila Jumamosi, wakishamaliza kazi za nyumbani, Chepngeno, Jackton na Caren walitoka na baiskeli zao. Walishuka malisho ya kina Chepngeno wakipiga kelele, upepo ukiwapenya hadi ndani ya mashati. Walipita kwenye lango la miti, wakaingia barabara ya udongo mwekundu iliyopanda katikati ya mashamba ya chai. Huko juu barabara ilitambaa mgongoni mwa vilima hadi karibu na Kabianga, na mtu aliweza kuendesha na kuimba mpaka sauti ikakauka.

Lakini kwanza lazima kilima kipandwe. Kilianza pale pale langoni, na watoto walikiita Kata Pumzi. Hakuna aliyewahi kukipanda bila kushusha mguu chini. Jackton alikuwa akishindwa kwenye kona. Caren, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake na mwenye maneno kuliko redio, alikuwa akishindwa kabla hata ya kona, halafu anasukuma baiskeli huku akiwasimulia wengine jinsi alivyokaribia kushinda.

Walikuwa na sheria moja. Anayetangulia hufungua lango, na anayekuja mwisho husimama, akarudisha miti yote mitatu, ndipo apande. Zamu ya mwisho haikupendwa na yeyote. Ukisimama kufunga lango, mbio zote za kushuka malisho zimekufa. Unaanza kilima kama mtu anayesukuma ukuta.

Jumamosi hiyo zamu ya mwisho ilikuwa ya Chepngeno. Alishuka malisho kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo. Aliwaona wenzake wakipotelea kwenye kona. Aliliona lango liko wazi mbele yake, akajiambia, "Leo tu." Akapita kama risasi. Miti ilibaki chini kwenye nyasi.

Aliposhika kona bado alikuwa na nguvu. Aliwapita wenzake wakisukuma baiskeli, akasimama juu ya pedeli, akauma meno, na ghafla barabara ikawa tambarare. Alikuwa juu! Hakushusha mguu!

"Kutoka langoni!" Caren alipiga kelele, akitupa baiskeli yake chini. "Amesimama akafunga lango, halafu akapanda! Chepngeno wewe ni chuma!"

Jackton alimwinua kwa furaha. Chepngeno alifungua mdomo aseme kweli. Lakini sifa zilikuwa tamu, na mdomo ukafungwa tena. Nyuma yao, Chelel alikuwa tayari ameanza kutembea, na wao siku hiyo walirudi nyumbani kwa barabara kuu bila kuliona lango.

Kufikia Jumatatu, shule nzima ilikuwa na habari hizo. Caren alizitangaza kwenye foleni ya bomba la maji, akazirudia wakati wa chakula, na kila mara kilima kilizidi kuwa kirefu. Wasichana wa darasa la juu walikuja kumtazama Chepngeno miguu.

"Ni hii?" mmoja aliuliza. "Mbona ni ya kawaida?"

"Subiri uione ikikanyaga pedeli," Caren alijibu kama meneja wake.

Chepngeno alicheka nao, lakini chakula chake alimpa Caren. Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama yake na Mama Jackton, waliokuwa wakiazimana chumvi kila siku, sasa walipishana njiani kila mmoja akitazama upande wake wa chai. Rodah alikuwa akimpelekea Ayoo maziwa kila asubuhi. Asubuhi hizo maziwa hayakwenda.

Jumamosi iliyofuata Jackton alikuja kwa miguu. Hakuja kulalamika. Alimpa Chepngeno ile pampu.

"Chukua," alisema. "Gurudumu lako la nyuma huwa linapungua upepo. Mimi nimeegesha baiskeli angani kama ndege. Sihitaji pampu." Kisha akaongeza, "Ukienda kwa barabara kuu, pita Kata Pumzi tena. Watu wajue si bahati."

Alicheka, akaondoka akipiga jiwe teke. Chepngeno alibaki ameshika pampu. Ilikuwa nyepesi, lakini mkono wake ulishindwa kuiweka chini wala kuibeba. Mwishowe alikimbia.

Alimpita Jackton njiani. Alifika kwa Ayoo, akamkuta akilima bustani iliyoharibika. Caren alikuwa ameketi juu ya debe akimpigia soga.

"Mama Jackton, shikamoo," Chepngeno alisema, akihema. "Lango sikulifunga."

Jembe lilisimama.

"Ilikuwa zamu yangu. Niliona nikisimama nitapoteza mbio, nikapita tu. Jackton hakufanya chochote. Ni mimi."

Caren alishuka polepole kutoka kwenye debe. "Ngoja kwanza. Kama hukusimama langoni… basi hukupanda kutoka langoni."

"Sikupanda kutoka langoni."

"Na mimi nimeambia shule nzima!"

"Utaiambia tena," alisema Chepngeno, machozi yakimtoka. "Nitasimama na wewe ukiiambia."

Jackton alikuwa amefika na kusikia yote. "Ulimtazama baba akiipandisha baiskeli yangu juu," alisema. "Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo limeniuma. Si baiskeli."

Ayoo alijifuta mikono kwenye leso. Kila mtu alingoja apige kelele, maana alijulikana kwa kelele. Hakupiga.

"Mboga zangu hazitamea kwa machozi," alisema. "Jembe lile pale. Lakini kwanza twende kwa mama yako. Utayasema haya haya, kwa sauti hii hii."

Rodah aliposikia alishika kichwa. "Nimemtukania jirani mtoto bure," alisema. "Mbele ya watu wote!" Jioni hiyo alibeba chupa ya maziwa mwenyewe, akaenda kwa Ayoo kuomba msamaha, na ili wambea wasiseme wamekosa habari, aliomba akiwa nje kwa sauti kubwa. Kisha alimpa miche ya sukuma wiki kutoka kitaluni mwake, yote iliyokuwa tayari. Ogola aliishusha baiskeli. Seng'enge, ambayo ilikuwa bado imeviringishwa, ilirudishwa stoo.

"Njia mtapita," Rodah aliwaambia. "Lakini wewe, Chepngeno, hutapanda baiskeli kwenda kutembea mpaka mboga za Mama Jackton zifae kuchumwa. Ukitaka kuitumia, ibebe maji."

Basi alibeba maji. Kila alipotoka shule alifunga mtungi nyuma ya baiskeli, akashuka mtoni, akapanda nao mpaka bustanini. Siku za kwanza alisukuma njia nzima, mtungi ukiyumba na kumlowesha mgongo. Shuleni, baada ya yeye na Caren kusema kweli kwenye foleni ya maji, wengine walimwita "Chuma cha Karatasi." Lakini wiki zilivyopita alianza kupanda baiskeli hata na mtungi nyuma, kwanza mahali tambarare, halafu kwenye miinuko. Alijifunza kutovamia mlima kwa pupa. Alikaa kwenye ncha ya mbele ya kiti, akahesabu pumzi, akazungusha miguu taratibu bila kukatiza.

Jackton alikasirika kwa siku kadhaa. Halafu siku moja alimkuta akiwa na gurudumu lisilo na upepo. Akaitoa pampu kwenye kapu la Chepngeno, akaanza kujaza bila kuulizwa. Hapo wote wawili wakaanza kucheka.

Sukuma wiki ikashika, ikatanua majani mapana kama masikio ya ndovu. Jumamosi moja Ayoo alichuma ya kwanza, akamtazama Chepngeno, akasema, "Nenda. Mguu wako umekaa nyumbani vya kutosha."

Chepngeno alichagua mwenyewe zamu ya mwisho.

Caren alikuwa ametangaza, bila shaka, hivyo kilima hakikuwa kitupu. Wachuma chai walisimama katikati ya mistari, vikapu mgongoni. Rodah alikuja, akisema amekuja tu kuangalia lango. Ayoo alikuja, akisema amekuja tu kumwangalia Rodah.

Chepngeno alishuka malisho, akafunga breki, akashuka. Alirudisha mti wa kwanza. Alirudisha wa pili. Alipofika wa tatu Chelel alikuja akachungulia, na Chepngeno akamsukuma pua. "Leo hapana, mama." Mti ukaingia mahali pake. Ndipo alipopanda baiskeli, kutoka kusimama kabisa.

Mwanzo ulikuwa mgumu kama zamani. Gurudumu la mbele liliyumba. Lakini hakusimama juu ya pedeli wala hakuvamia. Alizungusha taratibu, kana kwamba mtungi uko nyuma yake, na kweli baiskeli bila mtungi ilikuwa nyepesi mno. Kwenye kona mapaja yalianza kuwaka. Jackton, aliyekuwa ameshindwa hapo hapo kama kawaida, alikimbia kando yake akisukuma baiskeli yake na kupayuka.

"Usiangalie juu! Angalia gurudumu! Bado kidogo, bado kidogo, wewe!"

"Mguu! Mguu usishuke!" Caren alipiga kelele.

Mguu haukushuka. Barabara ililegea, ikalala, na Chepngeno akajikuta juu ya Kata Pumzi, vilima vya chai vikimzunguka pande zote, kijani mpaka mwisho wa macho. Ayoo alipiga vigelegele. Wachuma chai waliitikia kutoka kwenye mistari, na Rodah, mwanamke mkimya wa kanisani, alirusha kitambaa chake cha kichwa angani akasahau kukidaka.

"Kutoka langoni!" Caren alipaza sauti mpaka ikakatika. "Safari hii nimeona na macho yangu!"

Walishuka wote pamoja, na walipita langoni wakalifunga tena, Jackton akihakikisha kila mti kwa kuutikisa. Nyumbani kwa Ayoo, alikobaki Ogola akipika, moshi ulikuwa umeanza kupungua jikoni. Sukuma ilikuwa imekaangwa, ugali umeiva, na Rodah alikuwa ametuma kibuyu cha mursik, maziwa ya Chelel yaliyogandishwa vizuri.

"Mwangalieni huyo ng'ombe," Ogola alisema, akicheka. "Alikula mboga zetu, leo tunazila na maziwa yake."

Ayoo alimshika Chepngeno bega. "Nisikilize, binti yangu. Mara ya kwanza ulipopanda, ulipata sifa ukakosa usingizi. Leo umepata vyote viwili. Kilima ni kile kile na miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba leo ulifunga lango kwanza, ndipo ukapanda. Jackton, na wewe Caren, mmesikia?"

"Tumesikia, mama."

"Na utalitangaza hilo pia, Caren?"

"Kuanzia Jumatatu," Caren alisema.

Rodah alikuwa bado amesimama nje ya mlango, akipangusa vumbi kwenye kitambaa chake, kama mtu asiyejua kama amesamehewa kabisa au nusu.

"Na wewe, Mama Chepngeno, mbona umesimama hapo kama mwuza sabuni?" Ayoo alimwita, akivuta kiti karibu na meza. "Ingia ndani, nawa mikono. Ugali unapoa, na hawa watoto wataumaliza."