Samaki Aliyenunuliwa kwa Kiingereza

Kila asubuhi Betty alimsaidia bibi yake kupika kisra. Bibi alimimina uji mwepesi wa mtama juu ya bati la moto, akautandaza upesi kwa kipande cha jani la mvumo, na Betty akabandua mkate ule mwembamba kama karatasi kabla haujaungua. Hapo walizungumza Kibari. Baba yake, Ezbon, fundi cherehani, alipoamka alimsalimu kwa Kiswahili, kwa sababu aliishi Uganda miaka minane wakati wa vita na lugha hiyo alirudi nayo. Betty akitumwa sokoni Konyo Konyo, alisema Kiarabu cha Juba kama kila mtu. Kwa hiyo kabla ya kengele ya shule alikuwa ameshatumia lugha tatu, na Kiingereza hakikuwamo.

Kiingereza kilikuwa cha shuleni, na mwenye nacho alikuwa Mwalimu Victoria Pitia wa darasa la sita. Mwalimu huyu alikuwa na kibao cha mti chenye kamba. Mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake. Mwalimu alivikwa vivyo hivyo alipokuwa mdogo, na aliamini kwamba ndivyo alivyojifunza. Aliwaambia wanafunzi kwamba siku moja watazungumza kama watangazaji wa redio.

Mwaka ule wa 1978 alikuwa akisomea shahada ya juu ya elimu. Kila likizo alipanda meli kwenda chuo kikuu cha kaskazini, safari ya zaidi ya wiki nzima mtoni. Kwa ajili ya utafiti wake alimpa kila mtoto daftari dogo. Kwa wiki mbili waandike wamezungumza na nani, kwa lugha gani, na kuhusu jambo gani.

Siku ya kwanza Betty aliandika ukweli: bibi, Kibari; baba, Kiswahili; muuza samaki, Kiarabu. Alipousoma ukurasa wake, alihisi kamba ya kibao shingoni. Akauchana. Akaandika kwamba nyumbani kwao husema Kiingereza tu, na samaki pia alimnunua kwa Kiingereza.

Laku, jirani yake wa dawati, alichungulia akacheka.

"Samaki tu? Mimi nimeandika mpaka mbuzi wetu namfukuza kwa Kiingereza."

Mwalimu aliyakusanya madaftari arobaini na moja kwa furaha, akafanya kazi juu yake wiki nyingi, akaituma kwa profesa wake. Jibu lilipofika, aliingia darasani bila kusalimu. Alikaa, akawaeleza polepole. Profesa aliijua Juba. Alisema angependa sana kukutana na huyo muuza samaki anayepatana bei kwa Kiingereza. Kazi yote imekataliwa. Zilibaki wiki tatu meli iondoke; asipopeleka madaftari ya kweli, nafasi yake chuoni atapewa mwingine.

"Nani aliandika kweli?" aliuliza.

Vichwa vyote viliinama kwenye madawati. Mwalimu hakugombeza. Alisema tu kwamba basi atamwandikia profesa kuwa ameshindwa, kisha akaanza somo kwa sauti ndogo.

Betty hakusikia neno la somo lile. Akinyamaza, masomo ya Mwalimu yatakwisha. Akisema, ataadhibiwa, na wenzake watamwita msaliti. Kengele ilipolia alibaki kwenye dawati, akimwacha hata Laku atangulie. Mwalimu alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, samaki nilimnunua kwa Kiarabu."

Mwalimu aligeuka. "Na bibi yako?"

"Kibari. Hajui Kiingereza hata kidogo. Nilidanganya."

"Kwa nini, binti yangu?"

Betty alitazama chini. "Niliogopa kibao."

Mwalimu aliweka kifutio chini. Kisha alikitoa kibao mezani, akakata ile kamba kwa wembe wa kuchongea penseli.

"Nilitaka kuwafundisha Kiingereza," alisema, "nikawafundisha kunificha mambo. Umefanya vibaya kudanganya, Betty. Lakini nilikufanya uone kusema kweli ni kosa, na hilo ni langu."

Kesho yake aliliambia darasa kwamba hakuna atakayeadhibiwa, na kwamba wataanza upya leo leo. Laku aliinua mkono, akaungama habari za mbuzi, na darasa likacheka mpaka Mwalimu naye akacheka. Kwa wiki mbili waliandika sawasawa. Yakaonekana mambo ambayo Mwalimu hakuyajua: mtoto mmoja alimfafanulia mdogo wake hesabu kwa Kibari, mwingine alimsomea shangazi yake barua kwa Kiswahili. Wale waliokuwa bubu kwenye somo la Kiingereza, nyumbani walikuwa wasimulizi hodari. Tangu hapo aliwaacha wasimulie kwanza kwa lugha waliyoiweza, halafu wakatafuta pamoja maneno ya Kiingereza. Insha zao zikarefuka.

Meli ilipoondoka bandarini, Mwalimu alikuwa juu yake na madaftari ndani ya sanduku la bati.

Alirudi mwanzo wa muhula akiwa amekonda kwa safari, lakini uso unang'aa. Kazi ilikuwa imekubaliwa. Profesa alimwambia aendelee nayo mpaka mwisho. Wanafunzi walipomaliza kupiga makofi, aliwaambia:

"Nilipoanza kusoma, lengo langu lilikuwa mzungumze kama redio. Sasa nataka mwenye jambo aweze kulisema, na atakayemsikia amwamini. Mgonjwa akimwambia daktari kwamba haumwi, daktari atamtibu nini? Na mimi ni hivyo hivyo. Nionyesheni mahali msipojua, nami nitaanzia hapo. Betty alinionyesha mahali ambapo mimi mwenyewe sikujua, na ndiyo maana leo bado ninasoma. Haya, fungueni madaftari."