Pumba Mbele ya Feni

Kila Jumamosi Swaumu alikuwa na kazi mbili kabla jua halijawa kali: kuosha pikapu ya kijiji, kisha kutwanga na kupepeta mpunga wa wiki. Kazi ya kwanza aliipenda. Ya pili ilimchosha mikono, na Yosefina, binti wa jirani, alizoea kumtania kwamba anapepeta kama mtu anayefukuza nzi.

Baba yake, Abdala, ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu hiyo, gari pekee katika kijiji chao cha ujamaa huko Vihingo. Miezi miwili nyuma, feni ya gari iliyokuwa ikizungushwa na mkanda wa injini ilikatika mapanga. Mwaka ule wa themanini na mbili vipuri vilikuwa adimu. Baba alizunguka madukani wiki mbili akarudi mikono mitupu, mpaka fundi Evodius wa Mkuza, kule Kibaha, alipomtolea feni mbili ndogo za umeme kutoka kwenye gari lililopinduka. Fundi alizifunga mbele ya rejeta, mahali maji ya injini yanapopozwa, akavuta waya hadi kwenye betri, akaweka swichi karibu na usukani. Aliagiza kwamba gari likiwa limezimwa, swichi ile isiguswe, betri itakufa. Baba aliporudi alilirudia neno hilo nyumbani huku akimtazama Swaumu.

Jumamosi moja hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Baba alikuwa mkutanoni. Swaumu alisimama na ungo wake, akautazama mpunga aliokwisha kuutwanga, akaitazama pikapu. Kisha akatandika jamvi mbele ya gari, akabonyeza swichi, akaanza kumimina kidogo kidogo kutoka juu. Feni zilivuta hewa kwa ndani. Mchele ukaanguka jamvini, pumba zikamezwa na gari. Kazi ya saa nzima ikaisha mara moja.

Yosefina alichungulia uani. "Mwenzetu, siku hizi ungo wako una matairi," alisema, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Swaumu alizima feni, akafagia, akanyamaza.

Kesho yake, Jumapili mchana, dada yake Sikudhani alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo, akasema mtoto amelala vibaya, apelekwe hospitali ya Kisarawe bila kuchelewa. Pikapu ikagoma kuwaka. Wanaume waliisukuma, na Swaumu akasukuma nao, akimsikia baba akilaumu uzee wa betri. Hakumwangalia usoni.

Sikudhani alilazwa nyuma juu ya godoro, kichwa mapajani mwa Bibi Mwanahalima, mama yake baba. Swaumu alikaa pembeni na kapu la nguo. Walikwenda vizuri mpaka kilima kilipoanza. Hapo mvuke ukatoka kwa mbele, mweupe, ukipiga kelele kama birika. Baba alisimama, akafungua boneti. Feni zote mbili zilikuwa zinazunguka. Alisubiri injini ipoe, akajaza maji nusu ya dumu, wakaendelea. Hawakufika mbali. Mvuke ukarudi.

Wakakwama. Jumapili baada ya saa nane magari hayakuruhusiwa kutembea ovyo, kwa sababu ya uhaba wa petroli. Wao walikuwa na barua ya mwenyekiti, lakini nyuma yao hakukuwa na mwingine wa kuja. Barabara ilikuwa tupu juu na chini. Sikudhani aliuma pindo la kanga, kila uchungu ukija akakishika chuma cha gari mpaka vidole vikawa vyeupe. Bibi alimpepea kwa mkono, akisoma dua, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya.

Baba alizunguka gari mara tatu. Alishika mkanda, akainama kutazama kama maji yanavuja, akasimama.

"Feni nzima, mkanda mzima, maji hayavuji," alimwambia Bibi. "Sijui, mama. Sijui kabisa."

Swaumu hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema hajui jambo la gari. Alizikumbuka pumba zilivyokuwa zikiingia. Huenda zilitoka upande wa pili, alijiambia. Huenda si zenyewe. Na baba akijua, itakuwaje?

Baba aliinua dumu. "Haya ndiyo ya mwisho. Yakichemka tena, tutambeba mgongoni."

Swaumu aliruka chini. "Baba, usimimine kwanza," alisema. "Jana nilipepetea mpunga hapo mbele. Niliwasha feni. Pumba zote ziliingia humo."

Baba aliliweka dumu chini. Alichukua spana, akafungua feni zote mbili, na nyuma yake pakaonekana pumba zimegandamana matunduni mwa rejeta kama mkeka. Hewa isingepita kamwe. Injini ilipopoa wakachukua njiti za nyasi kavu, wakachokoa, Swaumu kwa vidole vyake vyembamba, baba akipuliza mpaka jasho likamdondoka. Kisha alirudisha feni, akamimina maji ya mwisho, akaliachia gari lirudi nyuma kwenye mteremko mpaka likawaka. Wakapanda polepole, na mvuke haukurudi tena.

Hospitalini walikaa kwenye benchi bila kuambiwa neno mpaka adhana ya magharibi. Ndipo muuguzi akatoka, akasema mama mzima na mtoto mzima, wa kiume. Bibi alisema papo hapo jina lake litakuwa Mashaka. Swaumu akalia.

"Nimeendesha magari miaka kumi na mitano," baba alimwambia taratibu. "Leo nimesimama barabarani kama mtoto, kwa sababu aliyejua ugonjwa wa gari alikuwa amekaa nyuma yangu, kimya. Kosa ukilisema mapema, mwanangu, ni kazi ya spana na njiti. Ukilificha, anayeumia ni mtu asiyejua lolote. Dadako alikuwa anakungoja wewe useme."

Swaumu aliitikia kwa kichwa. Alisema Jumamosi angeiosha pikapu na kuzifuta feni, na swichi asingeigusa.

"Na ungo ushike," Bibi alisema, akijifunga kanga yake vizuri. "Wali wa jana ulikuwa na chuya tele. Nilinyamaza tu."

"Kumbe na wewe ulinyamaza, mama?" baba akauliza, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.