Nguzo Ndani ya Nyumba ya Kithinji

"Baba Marcella, ni nani amesimamisha hii nguzo hapa ndani?"

Wamuyu alikuwa ameshika ufagio. Katikati ya makochi palikuwa na mti wa mkaratusi, kutoka sakafuni hadi kwenye dari, umekazwa kwa kabari, na chini yake simiti mbichi. Mumewe Kithinji, msimamizi wa mafundi hapa Embu, aliitambua. Ilikuwa nguzo ya kushikilia slabu ya zege mpaka ikauke.

Jana yake, kwenye mjengo, afisa wa kazi alikuwa amemuuliza nani aliagiza nguzo zitolewe kabla slabu haijakauka. Slabu hiyo ilimwangukia Mutuma, fundi aliyezitoa, ikamvunja mgongo. Yuko hospitalini, miguu haisikii. Kama aliagizwa, lawama ni ya kampuni, na lazima imtunze. Kama alijiamulia, basi shauri yake na mkewe Karwirwa. Na Kithinji, mtu mzima na ndevu zake, akainua mkono.

"Alijiamulia! Kama ni mimi nilimwambia, nyumba iniangukie!"

Huku kwetu tunaapa hivyo hata tukigombania kikombe cha chai. Lakini kiwanja kile kilikuwa na mwenyewe kabla ya simiti kufika, na mwenyewe alisikia.

Kithinji aliing'oa ile nguzo akaitupa nje. Kurudi ndani, akakuta tatu. Ko, ko, ko, nyundo ikawa inagonga juu ya dari ambako hakuna mtu. Walipokaa kula, ugali ulinuka simiti, maji yalinuka simiti, na dari ikaanza kushuka polepole katikati ya zile nguzo, ikilia mbao kwa mbao, mpaka Wamuyu akambeba Marcella akakimbia naye uani bila viatu, akilia, huku Kithinji amebaki ameshika nguzo kwa mikono miwili na kuomba kila jina la Mungu alilolijua.

Jirani yao Mzee Isaack, anayewasomea watu dua, aliishia mlangoni. Alikataa kuingia.

"Kijana, ni nini uliapa?" alinong'ona.

Kithinji akamwambia yote, na kwamba ameitwa mahakamani kutoa ushahidi.

"Wallahi, umejimaliza. Nyumba imeshaanza kukuangukia. Jini la kiwanja kile linaishikilia tu mpaka siku ya kesi. Ukirudia huo uongo, litatoa nguzo kama mlivyozitoa nyinyi."

"Nikisema ukweli nitafungwa, Mzee!"

"Basi chagua."

Siku ya kesi, Karwirwa alikaa mbele, macho yamevimba. Kithinji alisimama kizimbani, na vumbi la simiti likamwangukia begani.

"Ni mimi nilimwambia Mutuma azitoe," alisema. "Na mimi niliagizwa na Njuki, mwenye kampuni, kwa simu. Alitaka nguzo zikatumike ghorofa ya juu. Mama, nisamehe."

Karwirwa alijifunika uso kwa leso akalia kwa sauti. Harufu ya simiti ikaisha palepale.

Njuki aliruka kutoka kitini.

"Muongo huyu! Kama niliagiza, nyumba..."

"Usiseme hivyo!" Kithinji alipiga kelele. "Njuki, tafadhali, usiapie nyumba!"

"...nyumba iniangukie!"

Hakimu aliwanyamazisha, akaahirisha kesi mpaka alasiri. Nje kwenye baraza, simu ya Njuki ililia. Sauti ya mkewe ilikuwa juu, Kithinji akaisikia kutoka alipokuwa.

"Baba Maxine, ni nani amesimamisha hii nguzo hapa ndani?"