Siku Mzee Panas Alipofungua Koki

Kila asubuhi Zinovia alishika madumu yake mawili akaenda kwenye tangi la mtaani. Alipanga foleni na majirani, akateka maji ya kunywa na ya kupikia supu ya viazisukari. Maji ya bomba nyumbani yalikuwa ya kufulia na kupigia deki tu. Yalikuwa ya manjano, na yalikuwa na chumvi. Bomba kuu lililoleta maji matamu kutoka mtoni lilivunjwa na makombora. Tangu hapo watu wa mji ule wa kusini mwa Ukraine walisukumiwa maji ya ghuba.

Siku moja wageni wakatokea mtaani. Mmoja wao, mwanamume mrefu aitwaye Asger, alivaa vidude vya kusikilizia masikioni. Alichomeka fimbo ya chuma ardhini, akasikiliza, akasogea hatua chache, akasikiliza tena.

"Anatafuta nini yule?" Zinovia alimwuliza mumewe, Panas.

"Anasikiliza kama tunamsengenya."

"Nakuuliza swali la maana, wewe unaleta mzaha!"

"Basi na mimi sijui, mama. Wametoka Denmark, nasikia wameleta maji."

Baada ya siku chache barabara ilichimbwa, mabomba ya buluu yakalazwa. Kisha maji yakakatika. Hata yale ya chumvi hayakutoka tena.

Zinovia alibaki ameshika mfereji mkavu. Watu wamekuja kuleta maji, mbona wameondoa hata yale machache? Majirani nao kila mmoja alikuwa na lake. Huyu alisema maji yatauzwa Denmark. Yule alisema vita vimewafukuza mafundi. Zinovia aliwasikiliza wote, akarudi nyumbani haelewi lolote.

Jioni Vira aligonga mlango. Vira aliishi ghorofa ya tatu, na alikuwa fundi wa Shirika la Maji la mji. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Shangazi Zinovia, koki kuu ya jengo, ile ya chumba cha chini, tumeifunga. Tumeifunga utepe mwekundu. Tafadhali, asiifungue mtu mpaka niwaambie mwenyewe."

"Kwa nini, mwanangu?"

Kabla Vira hajajibu, simu yake ililia. Akakimbia kushuka ngazi.

Kesho yake nguo chafu zilijaa kapu. Choo kilinuka. Zinovia alilalamika tangu chai ya asubuhi.

"Miaka yote ulikuwa mwangalizi wa jengo hili, Panas. Funguo za chumba cha chini bado unazo. Unashindwa na utepe?"

Panas hakupenda kuambiwa kwamba ameshindwa. Alichukua funguo, akashuka, akakata utepe, akafungua koki. Nyumbani mfereji ulikohoa, kisha maji yakaruka. Yalikuwa meupe, hayana hata tone la umanjano!

"Njoo uone!" Zinovia alipiga kelele. Harufu kali ilimwingia puani, lakini furaha ilimshinda. Panas alifika akihema, akakinga viganja, akajimwagia maji usoni.

"Macho! Macho yangu!" Mzee aliyumba, akashika ukuta.

Zinovia hakujua afanye nini. Alifunga mfereji, akafungua dirisha, akamwita Vira kwa sauti ya kulia. Kwa bahati Vira alikuwa uani na Asger. Walipanda mbio. Vira alishika dumu la maji ya tangi.

"Inama, mzee. Fumbua macho. Najua yanawasha, fumbua hivyo hivyo." Alimmiminia maji polepole, kwa muda mrefu. "Umeyanywa?"

"Sijayanywa."

"Afadhali."

Asger alikuwa amekwenda kuifunga koki. Vira alimpeleka Panas kwa daktari, na daktari akasema macho yatapona.

Waliporudi, Asger akiwa pamoja nao, Zinovia alikuwa amekaa jikoni, mikono mapajani.

"Mimi ndiye niliyemtuma. Lakini niambie, mwanangu, kwa nini mmetia sumu kwenye maji?"

"Si sumu, shangazi. Ni klorini, dawa ya kuua vijidudu. Bomba jipya lina uchafu wa udongo na mikono ya watu. Tunalijaza dawa kali, tunaiacha ifanye kazi, tunaimwaga yote, halafu tunapima maji. Yakiwa salama ndipo tunafungua. Jana nilipaswa kukueleza vizuri. Samahani."

"Na huyu aliyekuwa anasikiliza ardhi?"

"Anasikiliza mahali bomba linapovuja. Maji yakivuja hutoa sauti. Chombo hicho ametuachia, na ametufundisha kukitumia."

"Atatudai nini?"

"Mji wao una shirika la maji kama letu. Mashirika yetu yamekubaliana kusaidiana. Wao wanatupa mabomba, pampu na ujuzi. Sisi tunawafundisha tuliyojifunza vitani: kuziba bomba kubwa haraka bila kukatia mji mzima maji."

"Sisi tunawafundisha wao?" Zinovia alimkodolea macho Asger, kisha Vira. Hilo lilimchanganya kuliko yote.

Wiki iliyofuata Vira alipita mlango kwa mlango. Vipimo vilikuwa vizuri. Alisema kila nyumba ifungue mifereji na kuacha maji yatiririke mpaka kutu ya mabomba ya ndani iishe, ndipo wanywe. Zinovia alifanya hivyo. Maji yalitoka ya kahawia, yakafifia, yakawa safi. Jirani wa mkabala aliinua kikombe mapema, Zinovia akamkemea kutoka mlangoni:

"Weka chini! Subiri yasafike! Unataka kwenda kwa daktari kama mzee wangu?"

Alipotosheka, alijaza bilauri, akampa Panas. Asger na Vira walisimama mlangoni wakitazama. Panas alikunywa taratibu, akakunja uso.

"Hayana ladha," alisema.

Vira alimtafsiria Asger. Kwa fundi wa maji, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Mgeni akacheka, akamkumbatia mzee. Panas hakuelewa kwa nini anakumbatiwa, akanyoosha bilauri aongezewe.