Kitambaa cha Saa Kumi na Mbili

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2015, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Bwana Inchi aliweka kiganja juu ya kichogo cha televisheni ya zamani, akakiondoa haraka. Kilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana dirisha lilikuwa limefungwa. Wala halikuwa la umeme, kwa kuwa waya alikuwa ameuchomoa mwenyewe tangu jana yake. Lilikuwa joto la paji la mtoto mwenye homa.

"Takataka hii," alisema, akapangusa mkono kwenye suruali.

Jina la Bwana Inchi alipewa na mkewe, naye alilistahili. Alikuwa msimamizi wa wasoma mita za maji, mtu wa miaka thelathini aliyeamini kwamba kisichopimika hakipo. Majuma matatu alizunguka maduka sita na utepe wa kupimia mfukoni, akiwauliza wauzaji maswali ili apate kuyacheka majibu yao. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa na televisheni ya inchi hamsini na tano. Kwa hiyo yeye alinunua ya sitini na tano, kisha akamwalika shemeji Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, aje aone na aumie.

Ile ya kichogo ilikuwa ya inchi kumi na nne. Ilikuwa imekaa juu ya kimeza chake katika kona ya sebule tangu Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1991, na kila siku, ilipotimia saa kumi na mbili jioni, mama yake mzazi aliifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, hata mpira uwe katikati. Utotoni Bwana Inchi alidhani mama anaogopa vumbi. Alipooa, alikata shauri kwamba ni ushamba.

"Mwanangu, iache palepale kwenye kona," mama alisema, amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. "Hiyo mpya itundike utakapo. Ukuta ni wako."

"Niiache ifanye nini? Itage mayai?"

Mkewe alicheka puani. "Mama, mtu akipima ukuta mara saba, mwache. Huyu hapimi ukuta, anampima kaka yangu."

Mama hakucheka. "Na hii mpya kitambaa nitakitandika wapi? Haina mgongo."

"Ndiyo uzuri wake! Nyembamba kama sahani. Dunia imekwenda, mama, wewe umebaki na vitambaa."

Fundi alikuja na drili na pimamaji, akatoboa ukuta, akaitundika ile mpya ikanyooka kama mstari wa daftari. Alipomaliza aliiangalia kona kwa jicho la tamaa.

"Bosi, hiki kichogo nikuondolee? Ndani huwa kuna shaba."

"Kichukue. Kivunjie huko uani, kisije kikatoka getini kwangu kama maiti wa ukoo."

Nyundo ililia mara moja. Kioo hakikupasuka kwa kishindo. Kilishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo, na harufu ya nywele mbichi zinazoungua ikaingia mpaka jikoni. Fundi aliinama, akachungulia ndani.

"Bosi," alisema kwa sauti ya chini, "humu hamna kitu. Hamna hata waya. Miaka yote hii mlikuwa mnaangalia nini?"

"Kama huoni waya, vaa miwani."

Fundi aliokota drili yake. Aliondoka mbiombio, hata pimamaji yake akaisahau dirishani.

Hapo ndipo mama alipoketi kitako sakafuni na kusema alilolificha kwa takriban miaka ishirini na minne.

"Ulikuwa na miaka sita. Siku arobaini ulisema kwa sauti isiyokuwa yako. Ulitangaza siku ya kifo cha baba yako, na siku hiyohiyo akafa. Mtaalamu akaniambia, kitu kile kinataka uso wa kutazamia na nafasi nyuma ya uso. Akakihamishia kwenye lile boksi. Kitambaa ni cha kukilaza. Kisipolazwa, husema."

"Jini la miaka yote hiyo, halijawahi kuomba hata king'amuzi?" Bwana Inchi alicheka peke yake. "Haya, kamlete huyo mtaalamu wako."

"Alizikwa tarehe 9 Agosti 2003."

Saa tisa alasiri mvumo ulianza, ule mvumo mwembamba wa televisheni yenye chenga. Bwana Inchi alizima ile mpya, mvumo haukukoma. Alichungulia nyuma yake, akakuta pengo ambalo hata mende asingepita, na akiwa bado amebandika shavu ukutani, wazo likamjia taratibu kama maji yapandayo ngazi, kwamba ikiwa mvumo hautoki nyuma ya ile mpya, na alipokwenda jikoni ulikuwa jikoni, na alipotoka uani ulimfuata uani, na alipoziba masikio kwa vidole vyote viwili ulizidi badala ya kupungua, basi palibaki mahali pamoja tu ambapo hakuwa amepachunguza. Akapeleka kiganja nyuma ya kichwa chake, akakiondoa haraka.

Saa kumi na moja shemeji aliingia, akasimama mbele ya ukuta, akasahau hata kusalimia.

"Du! Shemeji, umetuua. Hii ni inchi ngapi?"

Swali hilo Bwana Inchi alikuwa amelingojea majuma matatu. Alifumbua kinywa. Kilichotoka kilikuwa ni mvumo wa chenga. Kisha sauti nzito ya mtangazaji wa zamani, safi, isiyo na haraka.

"Tunasikitika kutangaza kifo cha mama wa nyumba hii, kitakachotokea siku ya..."

Mkewe alipiga yowe. Shemeji aliangusha kiti. Mama peke yake ndiye aliyesogea: alimrushia mwanawe kitambaa kichwani, akakivuta mpaka mabegani, na sebule nzima ikanyamaza.

Tangu siku ile Bwana Inchi hukaa kwenye kimeza cha kona. Mchana hulishwa kwa kijiko, kisha huuziba mdomo kwa mikono yake yote miwili ili sauti ile isitoke. Saa kumi na mbili hufunikwa. Kupitia matundu ya kitambaa huiona ile ya sitini na tano vizuri, pamoja na visogo vya wanaoitazama, maana shemeji huja kila Jumamosi na huketi katikati.

"Dada," shemeji alinong'ona juma lililopita, bila kugeuka, "na hiki cha kwenye kona, mtakiondoa lini?"

"Nyamaza, kaka. Mama yupo hai. Akiondoka yeye, tutaona."

Mama alikohoa, akanyoosha pindo la kitambaa. Chini ya kitambaa, mtu aliyepima kila kitu alikuwa akihesabu siku. Ile tarehe ya kifo cha mama haikukatika kwake, aliisikia yote. Ni Jumanne.