Salamu ya Binti wa Naeku

Hebu jichoree asubuhi moja akilini. Ukungu umekaa kwenye migomba, chini kidogo ya mahali ambapo leo tunapaita Sekei. Mlima Meru hauonekani, ila baridi yake unaisikia shingoni. Kuna banda la miti lenye mabenchi manne, na nje yake Mzungu mwenye ndevu nyekundu amekaa kwenye kigoda, daftari gotini. Mbele yake mwanamke anakamua ng'ombe huku akicheka.

Mwanamke huyo ni Naeku, mama wa bibi yangu Sinyati. Bibi aliyasikia haya kwa mama yake, nami nikayasikia kwa bibi. Wakati ule Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao Arusha, na Mchungaji Reinke alikuwa amekuja kutufungulia shule. Hakujua hata neno moja la lugha yetu. Naeku, mjane aliyempelekea maziwa, ndiye aliyemfundisha.

Bibi alikuwa na miaka miwili, ndiyo kwanza anaanza kusema. Kwa hiyo Naeku alikuwa na wanafunzi wawili kwa pamoja. Akiinua kibuyu, mtoto alisema, "Kule," yaani maziwa, na Mchungaji akarudia kwa ulimi mzito, akaandika.

"Mzee mzima," Naeku alimtania, "mtoto anayenyonya amekupita!"

"Yeye hana ndevu mdomoni, mama," Mchungaji alijitetea, nao wakacheka.

Naeku alikuwa na binti mwingine, wa miaka minane, msichana wa kwanza kukaa kwenye mabenchi yale. Jina lake sitakutajia. Kwetu jina la mtoto aliyekufa halitamkwi tena, na kwa huyu utaona mwenyewe kwa nini.

Kila asubuhi Mchungaji alisoma majina daftarini. Aliyeitwa aliitika, akaenda mbele na kuinamisha kichwa, kama watoto wetu wanavyowasalimu wakubwa, naye akamwekea mkono utosini. Binti yule alikuwa akienda mbio. Kungoja zamu kulimshinda.

Masika ilipoingia, homa ilimchukua kwa siku tatu.

Walipokwisha kumsitiri, Lesikar, shemeji yake Naeku, alimwendea Mchungaji.

"Lile jina lifute. Usiliite tena."

"Mungu wangu huwaita watoto kwa majina yao," Mchungaji alijibu kwa upole.

"Mungu wako na aite. Wewe usiite."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya, nakuomba usimhukumu haraka. Alimpenda mtoto yule. Jumatatu alisoma majina, na alipolifikia lile, machozi yalimjaa, akashindwa kuliruka. Alilisoma.



Kisha, pale palipokuwa wazi kwenye benchi la nne, la nyuma kabisa, sauti iliitika.

Watoto walitoka mbio, wengine kupitia dirishani, wala kesho yake hawakurudi. Aliyekuja ni Naeku, Sinyati akiwa mgongoni.

"Ni kweli aliitika?"

Mchungaji alikubali kwa kichwa.

"Mwite."

"Mama, nilikosea. Siwezi."

"Ulimwita bila kuniuliza. Sasa mimi ndiye ninayekuomba. Mwite."

Akaita. Sauti ikaitika, ile ile, kwa haraka ile ile. Naeku akalia kwa furaha, na furaha hiyo ilimtisha Mchungaji kuliko sauti yenyewe.

Kesho yake iliitika kutoka benchi la tatu. Siku iliyofuata, kutoka la pili. Kila asubuhi Naeku alikuja, na kila asubuhi sauti ilikuwa karibu zaidi.

Siku ya nne walimwonyesha Sinyati ng'ombe, naye akamtazama tu. Neno lilikuwa limeondoka. Kesho yake likaondoka la maji. Halafu Naeku akainua kibuyu cha maziwa, mtoto akanyamaza.

Mchungaji alifungua daftari. Mle alikuwa ameandika kila neno jipya la mtoto, pamoja na tarehe. Akayafuata kwa kidole. Maneno yalikuwa yakiondoka kwa kurudi nyuma, lililokuja mwisho likitangulia.

Lilibaki moja tu. Yeyo. Mama.

"Likiondoka na hilo," alinong'ona, "nadhani kitakachofuata ni pumzi."

Naeku alimhamisha Sinyati kutoka mgongoni, akampakata kifuani.

"Funga daftari," alisema.

Akafunga.

Siku hiyo hakuna aliyeita. Lakini aliyezoea kuitwa alikuja.

Mkono wa kulia wa Naeku ulikuwa gotini. Kitu kikapenya chini ya kiganja. Kidogo. Cha mviringo. Baridi. Kilikuwa kichwa cha mtoto, kimeinamishwa, kikingoja salamu.

"Yeyo."

Sinyati alifungua mdomo kifuani pa mama yake. Midomo ilicheza. Sauti haikutoka.

"Yeyo."

Angekandamiza vidole kidogo tu, salamu ingepokelewa, na binti angebaki. Naeku alilijua hilo. Mchungaji alilijua pia.

Naeku aliinua mkono. Aliuinua juu sana, mahali ambapo mtoto hafiki.

"Yeyo?"

Safari hii lilikuwa swali.

Naeku aliuma mdomo mpaka damu ikadondokea nywele za Sinyati. Kisha nyayo ndogo zikasikika zikielekea mlangoni. Binti yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea, alikuwa akitembea. Polepole. Akisimama kila baada ya hatua chache, kama anayegeuka kutazama nyuma.

Nyayo zilipokoma, Sinyati alipiga kelele, "Kule!" Alikuwa na njaa.

Bibi aliishi hadi uzee, na maneno hayakumwishia. Lakini kiganja kile cha mama yake hakikupata joto tena, hata juani, hata kikiwekwa karibu na moto. Majirani walianza kumletea Naeku watoto wenye homa. Aliwagusa paji la uso, na homa ikashuka. Wazazi wakimshukuru, yeye aligeuza uso ukutani.

Ukisahau mengine yote niliyokusimulia, si neno. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: Naeku alisikia. Mara zote tatu, alisikia.